Pampu ya sola unayo, kisima umekipima?

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta. Mjini wanaotega masikio ni wenye daladala na bodaboda. Vijijini wapo wengine ambao hatuwaandiki sana: wenye bustani za nyanya, vitunguu na hoho wanaovuta maji kwa pampu ya petroli. Mwaka 2022, lita moja ilipovuka shilingi 3,000, pesa iliyokuwa ikijaza kidumu ikawa haikijazi tena. Aliyeamua kuruka siku ya kumwagilia ili aokoe mafuta alilipia shambani, maana nyanya inayopewa maji leo ikanyimwa kesho huoza kitako, na nyanya iliyooza kitako dalali haipokei.

Hao ndio wanaouziwa pampu za sola leo. Kenya walitangulia: M-Pesa ilikuwapo tangu 2007, na juu yake zikajengwa biashara za kumkopesha mkulima pampu akalipa mdogo mdogo kwa simu. Huku kwetu unazikuta kwenye maduka ya Kariakoo na ya miji ya mikoani, za kuzamisha kisimani na za kukaa juu, pamoja na paneli zake, nyaya zake na fundi wa kwenda nawe hadi kijijini ukimlipia nauli na chakula. Naziunga mkono pampu hizi, tena kwa moyo mweupe. Kinachonisumbua ni mazungumzo ya dukani. Muuzaji anauliza una heka ngapi, unalima nini, unazo shilingi ngapi. Kisima chako kinajaa kwa kasi gani, hilo halimpitii kichwani, na mnunuzi naye halisemi kwa sababu hajui.

Tuchukue Dodoma, kwa kuwa huko mambo yote mawili yanaonekana waziwazi: jua la kupindukia na maji ya kutafuta. Mvua inaanza Desemba na kukatika Aprili, wastani wake milimita 600 hivi kwa mwaka. Kati ya Mei na Novemba mbingu ni kavu, mito ni mchanga mtupu, na kijani unachokiona ni mashamba ya zabibu, miti yenye mizizi mirefu, na bustani za waliochimba. Miezi hiyohiyo ndiyo paneli inafanya kazi vizuri, na ndiyo mboga inapata bei. Kilimo cha kiangazi na umeme wa jua vinaelewana kuliko wanandoa wengi ninaowafahamu.

Hesabu yake haina ugumu. Bustani iliyofunga majani, kwenye jua la kiangazi, inatumia kama milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na heka moja ina mita za mraba 4,047. Heka moja basi inataka kama lita 20,000 kwa siku, ndoo elfu moja za lita ishirini. Anayemwambia kijana arudi kijijini akalime bustani kwa ndoo na amwambie pia idadi hiyo.

Kuyainua maji hayo mita 20, yaani kutoka ndani ya kisima hadi kwenye tanki lililonyanyuliwa, kungehitaji umeme wa yuniti moja na kidogo kama hakuna kinachopotea njiani. Lakini kinapotea kingi, kwenye mota, kwenye pampu, kwenye msuguano wa bomba, hivyo hesabu ya kweli ni kati ya yuniti mbili na nusu na tatu. Kwa siku yenye saa tano za jua kali, paneli za wati 700 zinatosha, baada ya kutoa fidia ya vumbi na joto. Joto nalo ni la kuhesabiwa: wati zinazoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa ikiwa na nyuzi 25, ilhali kwenye jua la mchana inaweza kupita nyuzi 55, na kila nyuzi inayozidi hula karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Ndiyo maana saa saba mchana, wakati mtu anategemea maji yatoke kwa fujo, yanatoka kwa ustaarabu kidogo.

Nikiwa hapo niseme na la paneli bandia, maana zipo. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 na ushee. Ukioneshwa kipande kinachotoshea kwapani kikiwa kimeandikwa wati 300, usibishane na muuzaji, toka tu dukani. Na fundi akizifunga, ziangalie kaskazini, zikiwa na mwinamo mdogo. Sisi tuko kusini ya ikweta, na Juni hadi Agosti, pampu inapohitajika hasa, jua liko upande huo. Mwinamo husaidia maji ya kuoshea vumbi yateremke. Wezi ni suala jingine. Wapo wanaochomelea paneli kwenye nguzo ndefu, na wapo wanaonunua ndogo za kubebeka ili zilale ndani na familia.

Faida ambayo wauzaji hawaitangazi vya kutosha, mimi ningeiweka ya kwanza. Pampu ya petroli hunyonya maji ikiwa juu, na pampu inayonyonya haivuti maji kwa nguvu zake: inatengeneza nafasi tupu kwenye mpira, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Hewa hiyo, usawa wa bahari, haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 na kidogo, hata pampu iwe ya gharama gani. Dodoma, juu ya mwinuko wa mita 1,100 na zaidi, kikomo kinashuka hadi mita 9, na kwa pampu ya kawaida yenye mpira uliochoka, mita 6 au 7. Maji ya kisima yakishuka kupita hapo, pampu inaunguruma bila kutoa kitu.

Hapo mkulima anafanya jambo linaloonekana la akili. Anachimba ngazi ndani ya kisima, anaishusha pampu na kuiweka kwenye kibao karibu na maji, kisha anashuka kuiwasha. Moshi wa injini ya petroli una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na shimo la kisima halina pa kuitoa. Aliyeshuka anaishiwa nguvu kabla hajajua kinachomtokea. Anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Vifo vya visimani vya namna hii, watu wawili au watatu wa ukoo mmoja kwa siku moja, vinajulikana katika kila nchi yenye pampu ndogo za petroli, na mara nyingi msibani husemwa kisima kina mashetani. Pampu ya sola ya kuzamisha inakaa ndani ya maji yenyewe na kuyasukuma juu. Haitoi moshi, na anayeiwasha amesimama nje. Kama ingekuwa na faida hiyo peke yake, ningeipigia debe.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Cairo, Mmarekani Frank Shuman alipanga vioo virefu vilivyopinda, vikakusanya jua na kuchemsha maji, mvuke ukaendesha injini, na injini ikapandisha maji ya Mto Nile kwenda mashambani. Ilifanya kazi. Mwaka uliofuata vita ikaanza Ulaya, kisha mafuta yakawa rahisi, na jua likasahaulika. Kilicholirudisha ni bei. Kati ya 2010 na 2020 paneli zilishuka kwa takriban tisa ya kumi ya thamani yake. Kabla ya bei hiyo kushuka Afrika Mashariki ilipitia pampu ya kukanyaga, ile ya MoneyMaker iliyobuniwa Nairobi miaka ya 1990, iliyowatoa watu wengi kwenye ndoo lakini ikawadai mapaja na magoti.

Sasa pesa. Wauzaji wanapenda kusema pampu ya sola hujilipa haraka. Inategemea, na mara nyingine haijilipi. Mtu mwenye heka moja kando ya mto, maji yako mita tatu chini, anamwagilia mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Kwa pampu ya inchi mbili inayotumia lita moja na nusu kila mara, anamaliza lita 60 msimu mzima. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, ni 180,000. Weka na nauli ya boda kwenda sheli, weka plagi na oili, bado hujafika popote karibu na bei ya pampu ya sola yenye paneli zake, inayoanzia zaidi ya milioni moja na kupanda kwa kadiri ya kina. Huyo, kama analima msimu mmoja tu kwa mwaka, mimi simshauri akope.

Anayefaidika ni yule ambaye maji yake yako chini zaidi, sheli iko mbali, na anaweza kulima mfululizo: nyanya, kisha kabichi, kisha tikiti, au mzabibu usiopumzika. Sola inageuza gharama zote za miaka ijayo kuwa deni la siku ya kwanza, na deni hilo linadai kila mwezi, shamba likiwa na kitu au likiwa tupu. Anayelilipa analazimika kuendesha pampu mwaka mzima. Hapo ndipo kisima kinapoingia kwenye hesabu, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kisima cha kuchimbwa kwa mkono, chenye upana wa mita moja na nusu, kina lita 1,767 kwa kila mita moja ya kina cha maji. Kikiwa na maji ya mita 3 asubuhi, hiyo ni akiba ya lita 5,300, basi. Baada ya hapo unategemea kinachochuruzika kutoka kwenye udongo na mwamba. Kupima mchuruziko huo hakuhitaji mtaalamu wala kifaa cha dukani. Inatakiwa kamba iliyofungwa fundo kila nusu mita, jiwe mwishoni, saa ya simu, na pampu ya kuazima. Mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, shusha kamba uone maji yako wapi. Vuta hadi yashuke mita mbili. Zima. Kaa chini ya mti, kila baada ya saa moja shusha kamba tena uandike fundo lililolowa.

Tuseme maji yamerudi sentimeta 30 kwa saa. Hizo ni lita 530. Zidisha kwa saa 24, unapata lita 12,700 kwa siku nzima, usiku na mchana, na ni makadirio ya ukarimu, kwa sababu maji yanavyopanda kisimani kasi ya kuingia inapungua. Shamba lilitaka 20,000. Aliyenunua pampu ya kutoa lita 3,000 kwa saa kwa sababu ana heka moja atakikausha kisima hicho saa mbili tangu kuiwasha, na kuanzia hapo pampu itakuwa inavuta tope. Pampu nyingi za kuzamisha hupozwa na maji yanayozizunguka. Ikiendeshwa kavu inaungua, na kadi ya dhamana mara nyingi inataja kosa hilo kuwa la mnunuzi. Zipo zenye kihisi cha kuzizima maji yakiisha. Kilipie, hata kama fundi atakwambia si lazima.

Kwa kisima kile pampu sahihi ni ndogo, ya lita 1,500 kwa saa au hata pungufu, inayoanza polepole jua likiinuka na kulala jioni. Pampu ndogo haifurahishi siku ya kuzinduliwa. Majirani wamekuja kuona maji yakiruka, wanaona yanachirizika. Lakini inakwenda na mwendo wa kisima, na usiku kisima kinajirudisha chenyewe. Tanki la lita 5,000 juu ya jukwaa la mita mbili linakusanya, na kutoka hapo mipira ya matone inafanya kazi kwa mteremko tu. Shamba nalo litakuwa nusu heka na ushee, kwa sababu kisima kimesema hivyo. Mkulima anayekubali kupunguza shamba ili litoshe kisima ni adimu. Nimewaona wengi zaidi wanaokubali kuongeza kisima, wakachimba cha pili mita kumi kutoka cha kwanza, wakashangaa kwamba vyote viwili vinakauka siku moja.

Maana chini ya ardhi hakuna mpaka wa shamba. Petroli, pamoja na ubaya wake, ilikuwa breki. Kila lita ya maji ilikuwa na senti ndani yake, na mtu alizima pampu nyanya zikishiba kwa sababu aliona mafuta yanaisha. Jua haliishi. Deni limeshalipwa, au linadai, na kwa vyovyote kuendesha saa mbili zaidi hakukugharimu kitu. India walishayaona haya kabla ya paneli kuwa rahisi. Jimbo la Punjab liliwapa wakulima umeme wa bure mwaka 1997, na maji ya chini yameendelea kushuka huku kila mwenye uwezo akichimba zaidi kuyafuata. Nchi hiyo leo inavuta maji ya ardhini kuliko Marekani na China zikijumlishwa. Mwaka 2019 ilianzisha mpango mkubwa wa kusambaza pampu za sola, PM-KUSUM. Kabla yake, katika kijiji cha Dhundi jimboni Gujarat, mwaka 2016, wakulima wachache waliunda ushirika wa kuliuzia shirika la umeme ule umeme wa paneli zao wasioutumia kumwagilia. Mtu akijua saa moja ya jua inaweza kumlipa, ana sababu ya kuizima pampu.

Ni ujanja mzuri, ila unataka nguzo ya umeme karibu na shamba na shirika linalokubali kununua kutoka kwa mtu mwenye paneli tatu. Kwenye bustani nyingi za wilaya za Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, hakuna nguzo, na ndiyo maana mtu alinunua sola.

Lipo jambo moja ambalo Dodoma inalijua kuliko karibu mahali pengine popote katika ukanda huu. Visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, vimekuwa vikiulisha mji maji tangu miaka ya 1950, na kina cha maji yake kimeandikwa muda wote huo. Mwaka 2013 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Walichokuta ni kwamba maji ya ardhini hapo hayaongezeki kila masika. Miaka mingi yanashuka tu, kidogo kidogo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na hifadhi inajazwa kwa mkupuo. Mvua za wastani, zile tunazoziita nzuri kwa sababu mtama umekomaa, haziachi chochote cha maana huko chini.

Kwa mwenye pampu maana yake ni kwamba kisima kilichompa maji miaka minne mfululizo hakijathibitisha kitu. Kinaweza kuwa kinakula akiba ya mvua iliyonyesha mwanawe akiwa hajaanza shule. Na mji wenyewe unakua: sensa ya 2022 ilikuta Jiji la Dodoma lina watu zaidi ya 700,000, wote wanakunywa, na serikali imehamia huko na bustani zake za maua.

Mipira ya matone hutajwa kama dawa. Ni kweli inampa mmea maji mguuni badala ya kuyamwaga njiani, na kwa kisima kidogo hakuna mbadala wake. Lakini mkulima aliyeokoa lita 5,000 kwa siku hazirudishi kisimani. Analima robo heka nyingine. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, na mtu yeyote mwenye ada ya shule ya kulipa angefanya vivyo hivyo. Kumtegemea mkulima mmojammoja aone huruma na mwamba ulio chini ya shamba lake ni kumwonea.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka anayechukua maji kwa umwagiliaji awe na kibali kutoka bodi ya maji ya bonde lake. Nchi ina mabonde tisa. Makutupora iko chini ya Wami/Ruvu, ambayo ofisi yake iko Morogoro. Bahi iko Bonde la Kati, ofisi Singida. Mwenye pampu ya paneli mbili hafungi safari ya Singida kuomba kibali cha kumwagilia nusu heka ya mchicha, na ofisa wa bonde hana gari la kuzunguka kila kichaka akitafuta paneli. Kwa hiyo kwenye vitabu vya bodi kisima hicho hakipo.

Kipo kwingine. Pampu nyingi zinazouzwa kwa mkopo zina laini ya simu ndani ya kisanduku cha kudhibiti. Ndiyo inayomwezesha mkopeshaji kuifunga pampu akiwa mjini mteja akichelewesha rejesho. Laini hiyohiyo hutuma taarifa: pampu imewashwa saa ngapi, imefanya kazi kwa muda gani, na kwa baadhi ya aina, imesukuma lita ngapi na imezima mara ngapi kwa kukosa maji. Kampuni inazitumia kujua nani atalipa. Kijiji ambacho pampu zake zimeanza kuzima saa nne asubuhi mwezi Septemba, ilhali mwaka jana zilikuwa zikifika saa nane, kinaonekana kwenye kompyuta ya mkopeshaji kabla mwenyekiti wa kijiji hajaitisha mkutano. Bodi za mabonde zinaweza kuweka sharti la kupewa taarifa hizo kila mwezi, bila majina ya wateja, kabla kampuni haijaruhusiwa kukopesha pampu nyingine kwenye kata hiyo. Kompyuta na laini zimeshalipiwa, na mkulima ndiye anayezilipia ndani ya marejesho yake.